Benchi la Kazi Tano (ya Sita Nimeikataa)

Mama yangu alikaa kwenye sofa letu Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, na saa ya kuondoka ilipofika hakuweza kuinuka.

Hakuwa mgonjwa. Asubuhi hiyo alikuwa amepanda matatu kutoka Luanda, akapita Maseno, akashuka Kondele na ndizi zake na kuku aliyefungwa miguu, akapanda ngazi zetu hadi orofa ya pili kwa kupumzika mara moja tu. Lakini sofa lilimshinda. Aliweka viganja magotini, akajitupa mbele, akarudi. Akajitupa tena, akarudi. Mara ya tatu akacheka kile kicheko cha mtu mzima anayeficha aibu. "Hebu nivuteni, wanangu, kiti chenu kimenipenda." Mume wangu akamshika mkono huu, mimi ule, tukamng'oa kama muhogo.

Usiku, wote walipolala, nilichukua rula ya darasani nikapima. Kikalio kilikuwa sentimita 36 kutoka sakafuni, nami nikikikalia kinazama hadi chini ya 30. Tena mbele sofa limefunikwa kitambaa mpaka chini, hakuna upenyo wa kurudisha visigino. Jaribu popote ulipo: kaa, nyosha miguu mbele, kisha simama bila kurudisha nyayo nyuma chini ya kiti. Huwezi, hata ukiwa na miaka ishirini. Mama ana sitini na tisa na goti la kushoto lililokwisha fanyiwa upasuaji. Tulikuwa tumemnunulia mtego, tukaupamba kwa vitambaa vya kufuma.

Tunaishi Migosi hapa Kisumu, chumba kimoja cha kulala na sebule ya futi 10 kwa 12. Ndani ya sebule hiyo kulikuwa na sofa la watu saba (wametoka wapi hao saba, sijui, sisi ni watatu), meza ya kioo, stuli nne za wageni, kabati la televisheni, na friji. Kwa kutembea ilibidi ugeuke ubavu. Mimi ni mwalimu, darasa langu lina wanafunzi 58, na kila Ijumaa narudi na insha 58. Nilikuwa nazisahihishia kwenye meza ile ya kioo iliyofika magotini, nimeinama kama mtu anayepalilia wimbi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Ukikining'iniza mbele saa mbili mfululizo, shingo ndiyo hamali. Mwanangu wa miaka saba alifanya kazi yake ya nyumbani akiwa amelala kifudifudi sakafuni. Na Mama akija kliniki, kila mwezi, tunamwachia kitanda chetu, sisi tunalala chini, na asubuhi mume wangu anaamka mgongo ukiwa na kona ambayo haikuwepo jana.

Tuliliuza sofa. Mume wangu alipinga kwa siku tatu. "Wageni watakaa wapi?" aliuliza, na ni swali la haki, kwa sababu kwetu nyumba bila sofa seti huonekana kama nyumba ambayo auctioneer ameshapita. Nikamwambia wageni wetu wa kweli ni mmoja, na huyo hawezi kuinuka.

Nilitaka kitu kimoja kitakachokaa ukutani na kufanya kazi tano: kiti cha kukalia sebuleni, kitanda cha Mama, stoo ya vitu, meza yangu ya kusahihishia, na meza ya mtoto. Hapo mwanzo kulikuwa na ya sita, kupigia pasi. Nitaifikia.

Kabla ya kumwendea fundi niliangalia video nyingi sana kwenye simu. Sofa linalogeuka kitanda cha ghorofa. Meza inayotoka ndani ya kabati kama ulimi wa kinyonga. Nilizipenda zote kwa dakika mbili mbili, kisha nikaanza kuona ugonjwa wake: kazi zake zinagombana. Ili mtu alale, wa kuandika lazima aondoke. Ili nitoe blanketi, lazima nimwinue aliyekaa. Samani ya namna hiyo inafanya kazi nyingi, sawa, lakini inakutuma wewe kazi nyingi zaidi.

Nikakumbuka mbuzi. Nilisomea ualimu Mombasa, na mama mwenye nyumba wangu alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa na umri mkubwa kuliko wangu. Wa bara asiyeijua, na apate picha: ni vibao viwili vilivyopishana, vinafunguka kama kile kiweko cha kusomea msahafu, na mbele kunatokeza chuma bapa chenye meno. Unakaa juu ya kibao, bakuli liko chini ya chuma, unakuna. Ukimaliza unakunja, unaegemeza nyuma ya mlango. Ni kiti na ni kifaa, na siri yake ni kwamba uzito wako unapokaa ndio unaoshikilia chuma kisitikisike. Kazi moja inaibeba nyingine. Nikasema nataka benchi lenye akili ya mbuzi.

Basi nikaanza kupima watu. Nilimkalisha Mama kwenye kiti cha plastiki, nikawa naongeza daftari kuukuu chini yake, rundo kwa rundo, kila mara namwambia asimame. Sentimita 42, alisukuma kwa mikono miwili. 44, akanuna. 46, akasimama kwa mkono mmoja akaendelea na hadithi aliyokuwa akinisimulia, hata hakukatiza sentensi. 48 ilikuwa rahisi zaidi kusimama lakini alipokaa visigino vilining'inia na ukingo wa kiti ukambana chini ya paja. Kwa hiyo 46. Nilipima pia kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, nikatoa vidole vitatu, ili ukingo usikate damu. Ikabaki 41. Hicho ndicho kina cha kukalia. Sofa letu lilikuwa na 58, ndiyo maana kila aliyelikalia aliishia kulala chali au kukaa ukingoni kama anayesubiri jina lake liitwe.

Halafu kiwiko. Hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonibadilisha kabisa, na ndilo hasa lililonifanya niandike leo. Mafundi wetu, na hata sisi wateja, tunapima samani kutoka sakafuni kupanda. Kiti inchi 18, meza inchi 30, kwisha. Lakini mkono haujui sakafu iko wapi. Mkono unajua kiwiko kiko wapi. Ukikaa mabega yameshuka na kiwiko kimekunjwa, pale kilipo kiwiko ndipo uso wa meza unapotakiwa kuwa, au karibu sana na hapo. Juu zaidi unapandisha mabega. Chini zaidi unainamisha shingo. Nikikaa kwenye 46 kiwiko changu kiko 69 kutoka sakafuni. Cha Mama 67. Meza nyingi za dukani ni 75 au 76. Sasa nimeelewa kwa nini wanafunzi wangu wadogo huandika kidevu kikiwa juu ya dawati.

Mwanangu je? Akikaa kwenye 46 kiwiko chake kiko 63, na miguu inaelea hewani. Nilikaa na daftari langu jioni nzima nikitafuta jinsi ya kuifanya meza ipande na kushuka. Skurubu, matundu, mnyororo. Kisha nikaona niligeuze swali. Meza ibaki palepale, 68. Mtoto ndiye apandishwe: mto wa sentimita 5 chini yake, kiwiko kinafika 68, halafu miguu iletewe sakafu. Sakafu ya kuletewa! Kisanduku cha sentimita 20 chini ya nyayo, basi. Mimi mwenyewe nyayo zangu zinahitaji sentimita 4 au 5 tu. Meza moja, kikalio kimoja, sakafu tatu.

Nilijiona mvumbuzi kwa muda wa wiki moja hivi. Baadaye nikasoma kuhusu Peter Opsvik, Mnorwe aliyebuni kiti cha mtoto kiitwacho Tripp Trapp mwaka 1972: kikalio na kibao cha miguu vinahamishwa juu na chini kwenye mifuo ya mbao, mtoto anakua, kiti kinamfuata, na meza ya familia haiguswi. Wazo lilelile, miaka mingi kabla sijazaliwa. Sikuvunjika moyo. Yake inahitaji mashine za kuchonga mifuo sawasawa. Yangu ilihitaji sanduku.

Kabla ya kununua ubao hata mmoja nilichora benchi sakafuni kwa chaki. Ualimu una faida zake. Futi 6 na kidogo kwa futi 2 na nusu, kwa sababu godoro la futi 2 na nusu kwa 6 lipo kila duka na sitaki kuagiza godoro la ajabu. Tuliishi na ule mchoro siku nne. Siku ya kwanza tu niligundua kwamba mlango wa chumba cha kulala ungegonga kona, nikausogeza. Siku ya pili nikapanga kreti za soda juu yake na godoro juu ya kreti, tukakalia. Mume wangu akajikwaa mara mbili usiku stima zilipopotea, akaniita majina. Lakini chaki ni shilingi ngapi? Fremu iliyokosewa ni shilingi ngapi?

Fundi wangu yuko Kibuye, upande wa barabara ambapo vitanda vimesimamishwa wima na harufu ya vanishi inakufikia kabla ya salamu. Ni mtu mzuri na mkaidi. Nilimpelekea karatasi yenye vipimo.

"Mwalimu, kiti ni inchi 18," aliniambia hata kabla hajaimaliza kuisoma. "Miaka yote hii natengeneza viti. Kiti ni inchi 18."

"Na godoro, Fundi?"

"Godoro ni godoro."

Aliponiuliza elimu hii ya viwiko inaitwaje, nikamwambia ergonomia, neno lililotungwa na Mpoland mmoja, Wojciech Jastrzębowski, mwaka 1857, kutokana na maneno ya Kigiriki ya kazi na sheria. Akafikiri kidogo huku akinoa patasi. "Kwa hivyo ni sheria ya kazi. Na mbona sheria yenyewe inampima mama yako peke yake?"

Sikuwa na jibu zuri. Ni kweli, nilimpima mama yangu peke yake. Lakini ndiye atakayekalia.

Tulikubaliana mbao za saipresi: inchi 3 kwa 2 kwa miguu na fremu, inchi 6 kwa 1 kwa vipande vya kulazia godoro, vikiachana vidole vitatu ili godoro lipumue. Kisumu ukilaza godoro juu ya ubao uliofunga kabisa, baada ya masika utalikuta limeota ukungu chini. Mama alikuwa amejitolea kunipa mgrevilia mmoja wa mpakani kwake, nami nilikuwa tayari nimeshaona picha ya benchi la mti wa nyumbani. Fundi alikataa katakata: mbao mbichi ikikauka ikiwa tayari ni samani, hujipinda inavyotaka, na lawama humwangukia fundi. Alikuwa sawa. Nikanunua zilizokauka, kwa bei iliyonifanya nihesabu pesa mara mbili. Kichwani bado nilikuwa na bei za kabla ya Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Marufuku ilitangazwa kuondolewa Julai 2023, ila bei zikishapanda ngazi hazikumbuki njia ya kushukia.

Jambo jingine nililosisitiza: miguu isigundishwe. Ishikwe kwa boliti, nane, na spana moja iwe ndani ya sanduku. Sisi ni wapangaji. Ngazi zetu zina kona ambayo friji ilipita kwa maombi.

Baada ya wiki mbili nikaitwa. Fremu ilikuwa safi, kingo zimepigwa msasa hadi zikawa laini kama sabuni. Tukaweka godoro la inchi 4, lile gumu, nikakaa. Miguu ikaning'inia kama niko nyuma ya bodaboda. Fundi alikuwa amekata miguu ya fremu inchi 18. Kisha godoro inchi 4 juu yake. Nilikuwa nimekalia inchi 22.

"Si nilikuambia godoro litazama," akasema.

"Litazama inchi 4 zote?"

Akakuna kichwa. Godoro hilo likikaliwa linazama kama sentimita 2 tu. Ili nipate 46, fremu ilitakiwa kuwa 38, yaani inchi 15, na ndivyo karatasi ilivyosema. Alichukua msumeno akakata palepale bila neno. Nashukuru alikosea kwa kurefusha. Mguu mfupi ungetuletea vipandikizi vya kila aina. Nawe ukienda kwa fundi wako, kipimo cha kiti kiandike "baada ya kukaliwa," kisha ukipigie mstari.

Sasa mvunguni. Kwa desturi, benchi la kuhifadhia vitu huwa sanduku: unainua kifuniko, unatia. Nilishakataa hilo tangu mwanzo kwa sababu mbili. Kwanza, juu ya kifuniko kuna godoro, na juu ya godoro kuna Mama. Pili, sanduku linaziba mbele mpaka chini, na tunarudi kulekule kwenye mtego wa visigino. Kwa hiyo chini ya benchi langu pako wazi, na humo yamo masanduku mawili ya upana wa sentimita 50 na kimo cha 20, moja kila mwisho, yakirudi nyuma sentimita 15 kutoka ukingo. Hizo 15 ndizo za visigino. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga, lakini magoti ya Mama hayakusikia methali hiyo, kwa hivyo kila sanduku lina kamba ndefu ya kuvutia. Anavuta akiwa amekaa.

Masanduku niliyatilia magurudumu manne manne. Kosa langu, si la fundi. Kumbuka sanduku moja ndilo sakafu ya mtoto. Siku ya kwanza alipolikanyaga apande kikalioni, liliondoka naye. Hakuumia, alicheka, akataka kurudia, na hapo ndipo nilipoona hatari yenyewe. Tukang'oa magurudumu mawili ya mbele, tukaweka vipande vya mbao vyenye mpira chini. Sasa limetulia kama jiwe. Ukitaka kulisogeza unainua upande wa mbele kwa kamba, linafuata kama mkokoteni.

Meza ilitoka hospitalini. Mama alipolazwa kwa ajili ya lile goti, kulikuwa na meza ya kulia chakula yenye umbo la herufi C: uso wake uko juu ya mapaja ya mgonjwa, nguzo iko pembeni, na mguu wake unaingia chini ya kitanda. Wauguzi walikuwa wanaisukuma kwa kidole. Nilikaa siku nne nikiitazama. Yangu ina nguzo mbili upande wa mbele, mbali na aliyekaa, na miguu yake miwili inatambaa sakafuni hadi chini ya benchi, katikati ya yale masanduku mawili. Uso wake ni sentimita 75 kwa 45. Kwa mbao, ile kona ya juu ingelegea upesi, maana uzito wote unaning'inia upande mmoja. Nilimpa fundi wa kuchomelea, jirani wa fundi wangu, akaiunda kwa chuma cha mraba.

Naye alikuwa na maoni yake kuhusu urembo. Miguu ya chini aliikata sentimita 25, kwa sababu mirefu "inaonekana kama ya kitanda cha hospitali." Nilipoegemeza viwiko siku ya kwanza, meza ilininyenyekea. Chai ya maziwa, kikombe kizima, juu ya insha za Darasa la Tano kuhusu "Siku Nitakayoikumbuka." Niliwarudishia wanafunzi zikiwa na ramani za kahawia, mmoja akaniuliza kama hiyo ni alama ya juu au ya chini. Meza ya aina hii, mguu wake usipofika chini ya ukingo unaouegemea, itaanguka tu. Nilirudi, miguu ikaunganishwa hadi 48. Kati ya ile miguu, upande wa mbali, nikaongeza kipande cha mbao cha kukanyagia. Hiyo ndiyo sakafu yangu mimi.

Shingo bado ililalamika, kwa sababu daftari likilala bapa kichwa kinalifuata. Kulikuwa na kipande cha plaiwudi kilichobaki. Nikakiinua nyuma kwa vitabu viwili na kupigilia ufito mwembamba chini ili daftari zisiteleze. Madawati ya zamani yalikuwa na mteremko vilevile na tuliyaona ya kizamani. Kibao hicho hakikugharimu kitu, na kama ungeniuliza ni kipi katika haya yote kilichoniponya hasa, ningesita kati yake na kile kimo cha meza.

Mito ya mgongo ndiyo ninayojivunia kuliko yote, ingawa wageni hawaioni. Godoro lina upana wa futi 2 na nusu, sentimita 76, na kina cha kukalia ni 41. Kuna 35 za kujaza. Fundi cherehani alinishonea foronya tatu zenye umbo la kabari, nene chini na nyembamba juu ili mgongo ulale nyuma kidogo, zenye zipu. Ndani mna matandiko ya Mama: blanketi katika moja, mashuka na shuka la Kimaasai katika nyingine, neti na mto wa kichwa katika ya tatu. Mchana ni mgongo wa kiti. Usiku unafungua zipu, kitanda kinatandikwa kwa vilivyotoka ndani ya kiti chenyewe. Mwanzoni zilifanya mabonge, unahisi kama umeegemea gunia la viazi, mpaka nikaweka sponji ya inchi 2 upande wa mgongo. Hiyo ndiyo mbuzi yangu. Kazi mbili hazigombani.

Mkono wa benchi uko upande mmoja tu, wa kulia, kwa sababu Mama husukuma kwa mkono wa kulia kulinusuru goti la kushoto. Unafika hadi ukingo wa mbele kabisa, maana mtu husimama kutokea mbele, na ni mwembamba kiasi cha kushikika kwa kiganja. Mikono ya sofa za siku hizi ni mipana kama mgongo wa kiboko, unaweza kuweka sahani lakini huwezi kushika kitu. Chini ya mkono nilijaza ukuta wa magugu maji yaliyosukwa, kazi ya mikono ya hapahapa. Gugu lililotufungia ziwa linakubali kusukwa vizuri sana likikauka. Hapo nakiri hakuna sababu ya kiwiko wala goti. Nilitaka tu kitu kizuri.

Na pasi? Kiwiko changu nikiwa nimesimama kiko sentimita 100, na kazi ya kukandamiza kama pasi hutaka uso ulio chini ya kiwiko kidogo, tuseme 90. Benchi ni 46, meza ni 68. Nilichora miguu ya kurefusha. Nilichora kibao cha kutoka ukutani. Mume wangu, ambaye tangu siku ya sofa alikuwa kimya, alikuja akaangalia mchoro juu ya bega langu akasema, "Sasa unajenga daraja." Nikafuta. Tunapiga pasi juu ya meza ya jikoni, tumesimama, kama zamani. Samani ikifanya kazi tano vizuri nayo ina haki ya kukataa ya sita.

Sebule imepumua. Stuli mbili zimebaki, nyingine tumewapa majirani. Gharama yote, mbao, chuma, godoro, cherehani na yale marekebisho, haikufikia nusu ya bei tuliyonunulia sofa. Siwezi kukwambia ni zuri kulitazama kama sofa. Jirani mmoja aliingia akauliza kama tunafungua zahanati.

Mama alikuja tena wiki iliyopita. Alikaa, akala akiwa amevutiwa meza, akasimulia habari za mazishi mawili na harusi moja, kisha nikamsikia jikoni akifunika sufuria. Sikuwa nimemwona akisimama. Mwanangu alikuwa kwenye mwisho wa pili wa benchi, miguu juu ya sanduku, akiandika, wala hakuinua kichwa.

Kabla ya kulala, Kukhu huyo, yaani nyanya, alitoa mfukoni vitambaa vya kufuma, vyeupe, alivyovitengeneza mwenyewe kwa ajili ya kiti kipya. Akatandaza kimoja kwenye mkono wa benchi. Asubuhi alipojisukuma kusimama, kitambaa kikateleza na kiganja chake nacho, akarudi kukaa kwa kishindo. Kukiondoa isingewezekana. Basi nilichukua sindano nikakishonea kwenye magugu maji, pande zote nne, kwa uzi mweusi kwa kuwa ndio uliokuwepo nyumbani. Amekagua. Kinashika. Anachouliza ni kwa nini uzi mweusi.